Tapeli Hakuulizia Goti

Jumatatu, 9 Februari

Nimeanza kuandika shajara. Watu wakubwa wote huandika, halafu wengine huja kuzisoma wakiwa wametulia. Mimi nimechelewa kidogo kwa sababu ya majukumu.

Kwa atakayesoma baadaye: mimi ni Meneja wa Vifungo na Pasi katika karakana ya kushona ya dada yangu. Cheo nimejipa mwenyewe, lakini kazi ni ya kweli. Dada anakata na kushona. Mimi natia vifungo, napiga pasi, nakunja, na kumchangamsha kwa habari. Karakana ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Cherehani iko dirishani, meza yangu ya pasi iko ukutani, na kati yetu kuna kigoda cha kupumzishia mguu wake. Goti lake la kushoto linamsumbua. Ndilo la kukanyagia.

Habari kubwa: dada amepata oda ya sare za shule nzima. Shule, siyo darasa. Ameifukuzia oda hiyo tangu mwaka juzi. Leo shule imemtumia fedha za vitambaa, zimeingia kwenye simu yake, na Jumamosi tunakwenda kwa muuzaji wa jumla kuchukua majora. Amesema fedha hizo zikipotea, oda nayo imepotea, na tutarudi kwenye kupunguza suruali za watu walionunua bila kujipima. Nikamwambia mimi nikiwepo hakuna kitakachopotea. Akaichukua simu yake akaitia mfukoni.

Habari ndogo, lakini tamu: Kipara ametapeliwa. Kipara ni kinyozi wa mlango wa pili, na ndiyo, kinyozi huyo hana nywele hata za kuonyeshea mfano. Alipata ujumbe kwamba mzigo wake umekwama posta, abonyeze mahali aukomboe. Hakuwa ameagiza mzigo wowote. Akabonyeza ili ajue ni nani kamtumia. Akaunti yake ya mtandaoni ikachukuliwa hapo hapo. Nimecheka mpaka nimeunguza kola.

Nikamfuata dukani kwake, nikamsimulia jinsi mimi nilivyomliza tapeli. Alinipigia akajifanya ni mtu wa benki. Nikamhoji mpaka akaanza kunieleza maisha yake, mwisho akaniongezea salio kwa kuniomba radhi, akaacha utapeli, akarudi kwao kufuga kuku. Wateja kwenye benchi walinyamaza kwa heshima. Mmoja alikuwa amesinzia, lakini kwa heshima.

Jioni mpwa wangu, binti wa dada, karudi kutoka benki. Anakaa dawati la wateja. Tukiwa tunakula akatupa somo. Tapeli anakuharakisha. Anakutisha au anakufurahisha, ilimradi usifikiri. Anwani ya tovuti isomwe herufi kwa herufi, maana huwa wanabadilisha moja tu. Namba zinazoingia kwenye simu yako za kufungulia akaunti hapewi mtu, ajiite nani. Na mtu unayemjua akikuomba jambo la ajabu, mpigie kwa namba yake unayoijua, usikie sauti.

Nikasema hayo niliyajua kabla yeye hajaota meno. Akasema haya, mjomba, tuambie linki ni nini. Nikasema hilo ni jambo pana, nikatoka kuangalia kama mlango umefungwa.

Ulikuwa umefungwa.

Jumanne, 10 Februari

Nimepata wazo nikiwa napiga mswaki. Familia hii inahitaji Mkuu wa Usalama. Nimejiteua. Hakuna aliyepinga, kwa sababu hakuna aliyejua.

Mpango ni huu: nitawatapeli mimi mwenyewe kabla hawajatapeliwa na wengine. Atakayenaswa nitamfundisha kwa upole, naye atanishukuru mbele za watu. Nimeichimbua laini yangu ya zamani kutoka kwenye kopo la vifungo, nikaitia kwenye simu ya akiba, ile yenye kioo kilichopasuka.

Nikajificha nyuma ya pazia la kupimia nguo, nikamwandikia dada:

"Shikamoo dada. Habari za tangu asubuhi. Goti linaendeleaje na hili joto? Pole na kazi. Sisi ni benki. Akaunti yako inafungwa sasa hivi, samahani sana. Tunaomba namba yako ya siri ukipata nafasi. Wasalimie nyumbani."

Kazi safi. Vitisho vimo, haraka imo, benki imo.

Cherehani ikasimama. Kisha sauti ya dada ikavuka pazia ikisema goti halijambo, na benki itoke huko nyuma ije kupiga pasi sketi za watu.

Sijui alijuaje. Nimeusoma ujumbe tena na tena, kosa silioni. Nilifikiria kuondoa shikamoo, nikaona hapana. Yule ni dada yangu mkubwa, alinibeba mgongoni mpaka nikaanza kumpiga mateke. Huwezi kumtapeli mkubwa wako bila kumwamkia. Hata utapeli una mipaka.

Jumatano, 11 Februari

Leo nilikuwa na watu wawili wa kupima.

Wa kwanza, mpwa. Yeye ni msomi, kwa hiyo nilijifanya bosi wake. Niliandika: "Mpwa wangu, mimi ni bosi wako." Nikatuma. Halafu nikasoma.

Akanipigia mapumziko ya mchana. Kwanza akasema bosi wake ni mama mmoja ambaye hajawahi kuwa na mpwa wa namna hiyo. Kisha akaacha mzaha. Akasema mjomba, ukiendelea hivi mama atazoea. Siku tapeli wa kweli akija, na fedha za shule zimo kwenye simu, mama atadhani ni wewe unacheza. Nikamwambia asihofu, tapeli wa kweli hawezi kuandika vizuri kama mimi. Nikamsikia akivuta pumzi ndefu, yenye elimu ndani yake.

Wa pili, Kipara. Huyu nilimfuata kwake. Nikakaa kwenye kiti, akanifunga shuka shingoni, akaanza kuninyoa upande wa kulia. Mikono yangu chini ya shuka ikaanza kazi. Nilimwandikia: "Habari mzee. Sisi ndio tunaorudisha akaunti zilizoibiwa. Taja neno lako jipya la siri tukuhudumie."

Simu yake ikalia. Akaweka mashine chini, akasoma huku midomo ikicheza, uso ukamng'aa. Akaandika kwa kidole gumba. Simu ikalia chini ya shuka.

Neno lake la siri ni nywelenyingi.

Ningejizuia kama lingekuwa neno lingine. Nilicheka mpaka shuka likawa linaruka, na kioo cha simu kikawa kinawaka tumboni kwangu kama taa ya kibatari. Kipara akatazama simu yake. Akatazama shuka. Akazima mashine.

Akasema upande wa kushoto nitanyolewa siku nitakayoomba radhi. Nikamwambia mtu wa cheo changu haombi radhi akiwa na nusu ya nywele. Akasema basi nitembee nazo hivyo hivyo, zitanikumbusha. Akanifungua shuka kama anayefukuza kuku.

Nimevaa kofia. Dada ameuliza kwa nini navaa kofia ndani ya nyumba. Nimesema ni ya kiusalama.

Alhamisi, 12 Februari

Siku ya utukufu.

Nikiwa naweka vifungo kwenye kanzu ya mteja, ujumbe umeingia kwenye simu yangu ya kawaida. Hongera. Akaunti yangu ya mtandaoni imechaguliwa kupewa alama ya watu mashuhuri, ile tiki ya kando ya jina. Kilichobaki ni kubonyeza mahali, kujaza namba yangu ya simu, na kuandika namba sita zitakazoingia. Mwisho ni saa moja tangu sasa, la sivyo nafasi anapewa mtu mwingine.

Sikushangaa. Nilijua tu wamechelewa.

Mimi siyo mtu wa kukurupuka. Nikapitia masharti ya mpwa, moja baada ya jingine. Je, wananitisha? Hapana, wananipongeza. Je, wananiharakisha? Kidogo, lakini watu mashuhuri ni wengi, lazima foleni iende. Anwani herufi kwa herufi? Nilisoma herufi za mwanzo, zote nzuri, nikaona huko mbele pameandikwa mambo mengi, nikawaamini. Namba hapewi mtu? Hawa siyo mtu, ni ofisi.

Nikajaza. Nikabonyeza. Akaunti ikajifunga yenyewe, ikaniambia niingie upya, nikaingia, ikakataa. Nikaelewa. Wanaibandika tiki, hawataki mtu apitepite.

Nikatoka mlangoni nikamwita Kipara, nikamwambia kuanzia kesho atakuwa jirani ya mtu mashuhuri. Akasema mtu mashuhuri wa nusu kichwa. Wivu unamla yule.

Ijumaa, 13 Februari

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi akaunti bado imefungwa. Nikasema labda tiki ni kubwa. Dada alikuwa kwenye cherehani anamalizia mashati ya mteja ili meza ibaki wazi kwa kazi ya shule. Amechora mistari ya sare kwenye karatasi za kukatia, amezipanga kwa ukubwa, za watoto wadogo juu. Jana nilimkuta anazinyoosha kwa kiganja ingawa zilikuwa zimenyooka.

Akaja mteja kuchukua suruali. Akanipa pole. Nikauliza ya nini. Akasema si jana jioni nimemwandikia kwamba nimelazwa hospitali, natafuta msaada wa haraka. Akanitazama, akatazama pasi mkononi mwangu. Akasema nimepona upesi.

Nikaiweka pasi chini.

Jana jioni sikumwandikia mtu. Jana jioni nilikuwa nje ya akaunti yangu, nangoja tiki.

Kuna mtu amekaa ndani ya jina langu. Anawaandikia watu wangu wote. Na kwenye orodha ya watu wangu, dada ndiye wa kwanza.

Nikageuza shingo. Simu ya dada ilikuwa kwenye kizingiti cha dirisha, pembeni ya cherehani, na muda huo huo ikawaka. Ile oda nzima, majora yote, karatasi zote alizozinyoosha kwa kiganja, vyote niliviona vimekaa pale dirishani vinawaka.

Mtu mwingine angesema ukweli. Mimi nikapanga mkakati. Dada alipoingia nyuma ya pazia kumpima mteja mmoja kiuno, nikaruka, nikaichukua simu, nikaifunga katikati ya shati lililokunjwa, nikaweka mashati mengine juu yake. Nilitaka kuificha mpaka mpwa arudi. Nilikuwa nimesahau kwamba mashati hayo ni ya kupelekwa. Dada akatoka, akayabeba yote, akaanza kuyatia kwenye mfuko wa mwenyewe.

Nikamwambia ayaache, hayajapoa. Akayagusa, akasema yamepoa tangu jana. Nikamwambia kola zina kasoro. Akasema kola ameshona yeye. Hapo shati la nne likaanza kulia mlio wa simu yake.

Akaikunjua nguo polepole. Akaitoa simu. Akapokea, akasikiliza, akasema haya, akakata, akanigeukia mimi.

Nilitaka kuanza na kisa cha chatu niliyewahi kumkuta kwenye sanduku la vifungo, ili nimlainishe. Kisa hakikuja. Nikasema, "Dada, nimetapeliwa."

Maneno mawili. Sijawahi kusema jambo kwa ufupi hivyo tangu nizaliwe.

Akakaa kwenye kiti, akaweka mguu wa kushoto kwenye kigoda. Akasema anajua tangu asubuhi. Alikuwa anangoja niseme mwenyewe.

Akanionyesha. Ujumbe ulitoka kwa jina langu, na picha yangu ile niliyopiga nikiwa nimeegemea gari la mtu. Ulisema: "Dada nina shida. Kuna namba sita zitaingia kwako. Nitumie haraka usimwambie mtu." Namba hizo ndizo zingefungua fedha za shule. Nilitafuta pa kushika, nikashika pasi. Ilikuwa ya moto.

Dada akaniambia nitie mkono kwenye maji kwanza. Halafu akaendelea.

Alipousoma ule ujumbe alijua papo hapo kwamba siyo mimi. Akasema mdogo wangu, tangu umejifunza kuongea hujawahi kuniomba hata sindano bila kuniamkia, kuulizia goti, na kuingiza nyoka au simba. Huyu kaandika mistari miwili. Hakuna salamu. Goti hakuulizia. Na ndani yake hamna hata kisa kimoja cha uongo, uongo wenyewe ni mkavu. Ndipo nikajua, akasema, mdogo wangu hayumo humu.

Zaidi ya hapo aliinua macho akaniona niko mbele yake nimeng'ata uzi, simu iko mbali.

Basi akamjibu tapeli. Akamuuliza: goti langu linaloniuma ni lipi? Tapeli akajibu la kulia, fanya haraka dada. Dada akaacha kumjibu, akampigia binti yake benki. Ile simu iliyolia ndani ya shati ilikuwa ya mpwa, anapiga kusema ameshaanza kushughulika.

Fedha za shule hazijaguswa.

Nimekaa chini. Si kwa udhaifu. Nilitaka tu kuiona karakana kutoka pale chini.

Mpwa alirudi mapema. Nilijiandaa kuchekwa, nikavaa kofia vizuri. Hakucheka. Alikaa na mimi meza ya pasi, akanitoa jasho kwa maswali, tukawaandikia wenye mtandao ule, wakahakikisha ni mimi, wakamfukuza yule mtu kwenye kila simu aliyoingilia, tukaweka neno jipya la siri na kufuli la pili. Kisha akaandika kwa watu wangu wote wapuuze maombi ya jana na leo. Akasema dawatini kwake wanakuja waliovaa tai, walimu, hata wakubwa wa ofisi. Kutapeliwa siyo ujinga. Tatizo mtu anaona aibu, ananyamaza, na tapeli anafanya kazi yake katika huo ukimya.

Akasema, "Mjomba, ungesema jana." Basi. Ingekuwa afadhali angeongeza.

Tumekubaliana kwamba katika familia hii, yeyote akiomba kitu kwa simu, anaulizwa goti.

Jumamosi, 14 Februari

Tumechukua vitambaa. Dada aliyashika majora moja moja, akavuta uzi, akapima kwa jicho, akamkatalia muuzaji jora moja lenye doa ambalo mimi sikuliona mpaka sasa. Akalipa. Simu ikasema fedha zimekwenda, na zilikwenda alikozipeleka yeye.

Nilibeba majora begani. Nilibeba mengi. Watu walisimama kunitazama. Sawa, nilibeba mawili, na moja lilidondoka.

Tuliporudi, Kipara alikuwa mlangoni kwake amekunja mikono. Nikajua siku imefika. Nikavua kofia, nikamwomba radhi kwa lile jambo la chini ya shuka. Alifurahi sana, akaniomba nirudie ili benchi lisikie. Nikarudia. Akanikalisha, akaninyoa upande wa kushoto, tena kwa uangalifu.

Akaniambia hata yeye alipata ujumbe wangu, kwamba nimelazwa, naomba msaada kwa unyenyekevu. Alipofika kwenye neno unyenyekevu akatia shaka. Akatoka mpaka dirishani kwetu, akaniona napiga pasi huku namsimulia dada habari za chatu, akarudi zake dukani. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alikuwa amenuna.

Sasa naye anauliza wateja wake maswali ya goti. Ametafuta lake mwenyewe, linahusu jino. Na neno lake la siri amelibadilisha, nimemwomba anitajie, amekataa. Anaelekea kuelimika.

Jioni dada alikata kipande cha kwanza. Mkasi ulipita kwenye kitambaa kwa mlio mmoja mrefu. Akaniambia vifungo vya shule nzima vinanisubiri, Meneja. Ameniita Meneja yeye mwenyewe. Shahidi ni mpwa.

Jumapili, 15 Februari

Nimetafakari yaliyotokea. Ukweli ni kwamba nimeiokoa familia. Kama ningekuwa mtu wa kuandika kifupi, tapeli angefanana nami, na dada angenaswa. Mtindo wangu ndio uliokuwa kufuli. Nimemweleza mpwa, akasema namna hiyo ya kutazama jambo hajawahi kuisikia benki. Bila shaka. Benki wana mengi ya kujifunza.

Dada ameweka sheria mpya: saa za kazi simu yangu inakaa kwenye droo ya cherehani, na funguo anazo yeye. Anasema ni mpaka vifungo viishe. Vifungo vimejaa ndoo mbili. Nimekubali, maana anaona simu ya mtu mashuhuri haifai kuzagaa.

Lakini kabla hajaifungia, ujumbe mmoja ulikuwa umeshaingia. Sikuwaambia, nataka kuwashangaza. Ni kutoka kwa wale wanaorudisha akaunti zilizoibiwa. Nilishawahi kuisikia ofisi hiyo mahali, kwa hiyo ipo kweli. Wamemkamata tapeli wangu. Kuna fidia. Wanahitaji tu neno jipya la siri ili wanihudumie.

Mimi sasa ni mzoefu, sikukurupuka. Nikakagua kama dada alivyokagua. Tapeli hana salamu, na huyu ameanza na shikamoo. Kaniulizia kazi, kaniulizia nyumbani, kanipa pole kwa yaliyonikuta. Mtu mwenye adabu kamili. Nitamjibu nikimaliza vifungo.

Ni kweli, goti hakuulizia. Lakini goti si langu, ni la dada.